Kijani Nililisha Mimi Mwenyewe

Mukae. Na mwenye kutupa ile chupa ya plastiki mu maji aende aitoe sasa hivi, mbele sijaanza. Hamujamaliza hata saa moja ku kazi na munachafula tayari.

Munaniuliza juu ya nini kila fasi ninafika ninaangaliaka maji mbele ya kusalimia batu. Ni ugonjwa ya kazi. Tayeri anaangaliaka nguo yako, mimi ninaangalia kama étang yako, bwawa yako, iko mugonjwa. Bibi yangu wa ndoa, Mama Masika, anasema siku ya mazishi yangu nitaamuka mu sanduku juu ya kuuliza kama maji yenye batu banakunywa ku matanga ilichemushwa. Anacheka, mais hana uhakika.

Nyinyi bavijana munashika sasa kaziwa yetu, hii ziwa kidogo, na matelefone yenu, na ile karatasi ya formation, mafunzo ya siku tatu yenye kupigwa muhuri. Ni muzuri. Mimi sikuwa na karatasi. Nilikuwa na mukono, na ile mukono karibu iue batu. Njo hadisi nitawapa leo, juu ku formation habatawapa. Ku formation banafundishaka makosa ya batu bengine.

Kaziwa, munaijua: iko njia ya kutoka Butembo kwenda Vuhovi, hapa chini ya mikalatusi. Munafikiri Mungu aliiweka. Mungu hakuhusika. Ni Patron mumoja mufanyabiashara alifunga kamutoni na udongo, akangojea mvua, akajenga paillote tatu, bibanda bya majani, akaleta mashua ya kukanyaga na miguu, zenye sura ya bata muzungu. Moja ilifika bila kichwa. Haikuzuia batu kupiga nayo picha ya ndoa, bibi arusi mbele, bwana arusi nyuma, na shingo yenye kukatika katikati yao.

Siku ya mungu ilikuwa feti. Bakatoliki tulitoka ku misa, tukaja kuogelea na kula brochette. Baprotestanti balikuja na ngoma, juu kwabo batizo ni ya kuzama muzima-muzima, hapana ile yetu ya kunyunyizia kama mutu anamwangilia sombe mu bustani. Banamotari ya Beni nabo balipandaka huku juu siku ya conge, juu kwabo kuko joto na hapa kuko upepo. Na maji ilipokea bote.

Sasa Patron alitafuta mutu wa kuichunga. Bakamwambia: kule Vuhovi kuko mutu iko na bibwawa bitatu bya tilapia, samaki yake inanona kuliko ya bote. Ule mutu ni mimi. Bibwawa byenyewe baba yangu aliniachia, pamoja na sheria moja ya kazi, yenye kila mufugaji wa samaki mu milima yetu anajua. Unainama, unaingiza mukono mu maji, bidole wazi, polepole. Kama bidole binapotea mbele maji haijafika ku kiwiko, maji iko kijani, iko na chakula, samaki itashiba. Kama maji imefika ku kiwiko na ungali unaona kucha zako, maji iko na njaa. Leta fumier, ile mbolea ya mavi.

Basi siku ya kwanza nikainama mbele ya Patron na nikaingiza mukono mu kaziwa yake. Nikaona bidole. Nikaona kucha. Nikaona hata kovu yangu ya panga. Maji ilikuwa safi sawa ya kunawa padri mikono! Nyinyi munacheka. Mimi nilisikia huruma. Nilisikia sawa mutu anaona mutoto mwenye mbafu inahesabika.

“Patron,” nikamwambia, “hii maji yako inakufa na njaa.”

“Ah bon?” Patron akashituka. “Ifanyiwe nini?”

Nikailisha. Nilipanga miti mu kona zote ine za kaziwa, kama vile tunafanyaka ku bibwawa, na ndani nikajaza fumier ya kuku zake Patron, mavi ya ngombe ya jirani, majani, na mashapo ya kasiksi, pombe ya ndizi, yenye ilibakia ku paillote. Kila juma nikakoroga. Nilifanya kazi na roho yote. Sijafanyaka ujinga na bidii sawa ile.

Maji ikaanza kukamata rangi. Patron alifurahi sana, alisema inafanana na kalenda yenye iko mu magasin yake. Banamuziki balikuja kupiga clip. Na mimi balinialika ku radio ya mutaa. Nilivaa cravate ku shingo juu ya kuongea ku radio, munisikie vizuri. Na nikawaambia batu bote ya Butembo, na hii mudomo: “Maji ya kijani njo maji ya uzima. Musiogope kijani.” Batu balinipigia simu kunipongeza.

Kisha kiangazi ikafika. Jua kali, upepo hakuna, kamutoni kakaingiza maji kidogo tu. Na kijani ikabadilika. Mbele ilikuwa kijani ya kulala ndani ya maji, kama chai ya majani. Sasa ilipanda juu. Ilikaa ku uso ya maji sawa mutu alimwanga rangi ya kupaka mulango, na kandokando ikafanya mistari ya bluu. Na harufu! Harufu ya majani yenye kuoza na choo ya nguruwe, byote pamoja.

Patron alikuwa na imbwa yake yenye iliitwa Kolonele. Asubui moja Kolonele akaoga, akatoka, akajilamba manyoya sawa imbwa yote. Mbele ya saa sita akaanza kuyumba, mate ikamutoka, akaanguka, akakufa. Mimi nilimuandikia Patron rapport: imbwa amekufa na uzee. Kolonele alikuwa hajamaliza hata miaka tatu.

Kisha juma moja, mbuzi mbili za jirani, mama mujane mwenye alikuwa analima chini ya digi, ile ukuta ya udongo ya kuzuia maji, zikakunywa ku kando na zikakufa. Hapo uzee haikutosha tena. Tukasema kuko mutu wa wivu anaroga kaziwa. Mutaa muzima ikatafuta mulozi, hata muzee mumoja masikini karibu apigwe, juu tu alionekana anapita pale na kimfuko. Kumbe mulozi alikuwa anakamata mushahara na alikuwa anakoroga kila juma.

Mwenye kunifungua macho ni Madame Kyakimwa. Alikuwa mwalimu wa biologie ku sekondari, mama mufupi, na mabote ya mvua hata mu kiangazi, na sauti ya mutu mwenye amesahihisha interro mingi na amechoka na majibu ya bule. Alileta banafunzi kutembea. Akasimama ku kando ya maji, akavuta harufu, akanigeukia.

“Papa, ni nani alilisha hii ziwa?”

“Kulisha namna gani, Madame?”

“Hii ziwa imeshiba mpaka inatapika. Ni nani?”

“Labda mutoni inaletaka bintu.”

Akanyoosha kidole ku kona yenye miti na fumier. “Na ile pale?”

Nikamwambia ni décoration, mapambo.

Madame hakucheka. Akachukua fimbo, akaichovya, akaivuta. Sasa mufungue masikio, juu hapa njo kazi inaanza. Kama fimbo inatoka na kitu sawa nywele, nyuzi ndefu za kuninginia, ile ni majani ya maji tu. Inachukiza, inafunga miguu ya baogeleaji, mais unaivuta na rato, ile ya meno ya kukusanyia majani, na kazi imekwisha. Lakini kama fimbo inatoka sawa mutu aliipaka rangi, hapana nywele hata moja, ogopa. Na usichovye mukono! Mimi mukono yangu ilikuwa imewasha miezi mbili, na nilikuwa ninapaka mafuta ya ngozi nikifikiri ni upele.

Kisha ile ya chupa. Munatafuta chupa ya kuonekana ndani, isiyo na karatasi. Munavaa gants ku mikono, munajaza mpaka karibu na shingo, munafunga, munaweka fasi yenye hakuna mutu ataitikisa. Kesho yake munaangalia. Kijani ikilala chini, mulale na nyinyi. Kijani ikipanda juu na kufanya pete ku shingo ya chupa, mufunge ziwa. Haiko appareil, mashine ya bei. Ni chupa. Mimi niliiwekaka mu kabati ya bisahani, mpaka siku shemeji yangu alifikiri ni jus ya maracuja. Haikumufikia ku mudomo, Mungu iko, mais tangu siku ile bibi yangu alinipa kabati yangu peke yangu, kule inje, karibu na kuku.

“Kuko kijani ya kulisha samaki,” Madame alinifasiria, “na kuko hii ingine, yenye inakujaka kisha kama chakula imezidi na joto imezidi. Hii iko na sumu. Inaharibu maini, inaharibu mishipa. Kwa jicho huwezi kujua kama leo iko na sumu nyingi ao kidogo. Kwa hiyo unafanya sawa iko nyingi.”

“Na ile ya ku radio...?” nikauliza.

“Ile ya ku radio,” akasema, “nilikusikia. Nilizima.”

Mbele niendelee, munisikilize juu ya mambo mbili tatu, juu ninajua nikifika ku mwisho nitasahau.

Ya kwanza: hakuna dawa ya kumwanga. Mutu akiwaletea ile dawa ya bluu, ya kupulizia nyanya na biazi bilaya, mumufukuze. Patron alileta mara moja, mwaka ingine kisha, bila kuniuliza, akamwanga kilo na kilo. Kijani ikakufa yote siku moja, ikapasuka, na sumu yenye ilikuwa ndani yake ikatoka yote mu maji. Kesho yake samaki ilikuwa tumbo juu, ukuta kwa ukuta. Dawa ni kuacha kulisha. Fumier mbali. Bamama ya kufula nguo mubajengee fasi yabo chini ya digi, na mubaombe na adabu, juu mukibafukuza batarudia asubui mbele ya nyinyi kuamuka. Mupande matete na majani ya ngombe kandokando, ikamate chakula mbele ifike mu maji. Na mabata mupunguze. Bata ni mashine ya fumier yenye kutembea.

Ya pili: joto. Balinipelekaka Beni, kule Mulekera, kusaidia mwenye hoteli na étang yake. Huku Butembo kijani inapiga hodi mbele ya kuingia. Kule Beni unalala maji iko muzuri, unaamuka iko mbaya. Yule mubaba alikuwa anatupa maganda ya cacao ku kando ya étang, mulima muzima, na anashangaa. Nikamwambia, “Papa, unapika, na unauliza ni nani aliwasha moto?” Alikasirika. Maganda ilitoka kisha siku mbili.

Ya tatu: bendera nyekundu, ile ya kufunga maji, haina nguvu yake. Nguvu ni mutu mwenye kusimama karibu yake. Siku moja mwanajeshi mumoja wa camp alikuja, akaona bendera, akaanza kufungua shati. Nikamwambia maji iko mugonjwa. Akanijibu na Lingala yake: “Vieux, tika, acha! Nilipona ku front, majani njo itaniua?” Nikamwacha. Ninakubali, nilimwacha, juu alikuwa na bunduki na mimi nilikuwa na rato. Kesho yake alirudi anajikwaruza mpaka ku fasi zenye mutu haonyeshaka. Tangu pale akawa mulinzi wangu ya kwanza. Hakuna mutu aliogelea tena mbele yake.

Bon. Sasa turudi.

Kisha Madame kunifundisha, nilitoa fumier yote. Siku mbili, peke yangu, na beleshi, pasipo kumwambia mutu juu ya nini. Ku Patron nilisema ninasafisha. Ku jirani wa mbuzi sikusema kitu. Nilifikiri imekwisha. Mais maji haiko sahani yenye unapangusa. Chakula yenye nilimwanga ilikuwa imesha lala mu matope kule chini, na kiangazi ilikuwa ingali.

Na wakati ule njo kulikuwa vita mu nyumba yangu. Masika, musichana wangu wa kwanza, alikuwa na muchumba, Kambale, mwenye kuongoza chorale kwa Baprotestanti. Kijana muzuri, sitamusingizia. Jioni moja tuko tunakula, Masika akasema siku ya mungu ya mwisho wa mwezi atabatizwa kwa Pasta Muhindo, mu kaziwa.

“Tena?” nikasema. “Ile ya kwanza ilikuwa na makosa gani? Padri alisahau maji?”

“Papa, nilikuwa mutoto. Sikuchagua.”

“Na jina yako ulichagua? Nayo utaibadilisha?”

Akaacha ugali, akatoka. Tukaanza kukaa pasipo kusemezana, majuma na majuma. Mama Masika njo alikuwa posta. Mimi nilisikia uchungu, na mutu mwenye uchungu anatafutaka fasi ya kusema ujinga. Nikaipata. Ku paillote, mbele ya nusu ya mutaa, na kasiksi mu kichwa, nikasema na sauti: “Afazali hii ziwa ikauke kuliko mutoto wangu azame ndani.” Batu balisikia. Ile maneno ilifika Vuhovi mbele yangu.

Juma ya batizo, nikajaza chupa. Asubui yake nikaangalia: pete, kijani, nene, ku shingo. Nikajaza ingine fasi ingine. Pete. Nikachovya fimbo, ikatoka imepakwa. Nikapandisha bendera nyekundu.

Nyamuhanga, Mungu wangu! Butembo muzima ikacheka. “Papa Masika anafunga maji juu ya musichana yake!” Motari balipita banapiga klaksoni. Ku soko bamama balimuambia bibi yangu amuombe bwana yake afunge na mvua.

Nikaenda kwa Patron. Akaniangalia vizuri. “Juzi ulivaa cravate, ukasema kijani ni uzima. Leo kijani ni kifo. Kijani njo imebadilika, ao ni weye?” Na alikuwa amesha agiza brochette.

Nikaenda kwa Pasta Muhindo. Mutu wa upole, hajapazaka sauti, na hiyo njo ilikuwa inanikasirisha zaidi. Alinipa kiti, alinipa chai. Nikamwonyesha chupa. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

“Ndugu,” akasema, “hata Farao alijaribu kuzuia batu karibu na maji.”

“Pasta, imbwa ilikufa. Mbuzi zilikufa.”

“Uliandika imbwa ilikufa na uzee. Na mbuzi, balisema ni mulozi. Sasa nisadiki ya wapi?”

Alikuwa na haki, na chai yake ilikuwa muzuri.

Mangaribi ile Masika mwenyewe akanikuta ku kaziwa. Mara ya kwanza ananisemeza tangu ile ugali.

“Papa, uliomba ziwa ikauke. Haikukauka. Sasa unasema iko na sumu.”

“Masika, ni kweli. Ninakuapia.”

“Unaniapia na kanisa yako ao na yangu?” Machozi ilimutoka. “Nitaingia wa kwanza. Bote bataniona nimeingia na sijakufa. Kisha tutaona ni nani mwongo.”

Akaenda. Nilijua anasema kweli, juu ule kichwa ngumu aliupata kwangu.

Nikakimbia kwa Madame Kyakimwa. Nikamwomba aende kwa Pasta, aseme na mudomo ya mwalimu. “Nilienda,” akasema. “Balinisikiliza vizuri, balinipa chai. Kisha baliniuliza kama ni weye ulinituma.” Akaondoa miwani. “Batakusadiki siku utawaambia ni nani aliilisha.”

“Ile, hapana.”

“Papa, umeshaona mutu anazamishwa? Anashituka. Anafungua mudomo. Sikuzote anafungua. Na Masika njo wa kwanza.”

Sikulala. Kama mulilalaka siku moja na mukijua ile, mutaniambia namna gani.

Siku ya mungu balifika na ngoma. Bote na mavazi meupe, familia, bitenge bipya, na camion moja, lori yenye ilileta jamaa ya Kambale kutoka Beni. Bendera yangu bailishusha na heshima, baikunja, baiweka ku kiti. Pasta akavua biatu. Masika akasimama mbele, haniangalii.

Nikapita katikati ya chorale na nikasimama mu njia ya maji.

Muelewe kitu. Mimi ni Mukatoliki. Sisi tunatubuka mu kisanduku ya kanisa, kwa sikio moja ya padri, na ile sikio iliapa kunyamaza. Baprotestanti njo banajua kusimama mbele ya batu na kutoa témoignage, “mimi nilikuwa mulevi, mimi nilikuwa mwizi,” na batu banapiga makofi. Mimi nilikuwaka ninabachekelea. Na pale nikasimama bila kisanduku, mbele ya muji yote.

“Muniache niseme,” nikasema. “Hii maji ni mimi niliiharibu. Nilifikiri iko na njaa. Nikailisha. Kolonele hakukufa na uzee, ni mimi. Mbuzi za mama yule hazikurogwa, ni mimi. Karibu mupige muzee wa bule, na mimi nilikuwa ninaangalia na nikanyamaza. Ku radio niliwadanganya, juu mimi mwenyewe sikujua. Munaweza kusema ninafunga juu ya Masika. Ni kweli sitaki abatizwe huku. Sitaki hata leo. Mais hii ni ingine.”

Patron alikuwa amekauka na brochette mu mukono. Kisha mama mumoja muzee wa chorale, mwenye kusimama kule mbele na kitambala ku kichwa, akauliza:

“Uliilisha nini?”

“Fumier, mama. Ya kuku. Ya ngombe pia. Na mashapo ya kasiksi.”

“Ya kuku?” Akageukia Pasta. “Pasta! Unataka kutuzamisha mu mavi ya kuku na kasiksi?”

Na ikaisha pale. Majuma mazima nilikuwa nimeongea sumu, maini, mishipa, hakuna mutu alisadiki. Mavi ya kuku, balisadiki bote mara moja. Mukumbuke hiyo, nyinyi ya formation: mutu anaogopaka kitu yenye anaijua harufu.

Patron akanifukuza ku kazi pale pale, mbele ya bote, na sauti ya juu. Baadaye alinirudisha, juu hakupata mutu wa kuangalia chupa, lakini siku ile alinifukuza vizuri sana. Yule mama mujane wa mbuzi akaja mbele yangu, akaniangalia mu macho, akaenda. Ilinikata zaidi ya Patron. Nilimupelekeaka mbuzi mbili kisha, na akazipokea pasipo kusema wasingya, asante, na alikuwa na haki.

Mais batu balikuwa pale, balifunga na kuomba, jamaa ya Beni balikuwa bametoka mbali. Kambale njo akaangalia camion. Akauliza chauffeur kama iko na bâche, turubai. Tukatandika bâche mu camion, tukaifunga ku kona zote, na tukaanza kuchota maji ku source, chemchemi yenye iko kule juu ya mulima, ile yenye kujengewa. Bidon kwa bidon. Chorale yote na mavazi meupe, mustari moja mpaka juu. Madame Kyakimwa akasimama ku mulango ya camion na mabote yake, ananusa kila bidon, na yenye ilibebaka mazutu ya gari akaitupa. Mimi nilibeba. Hakuna mutu aliniomba, hakuna mutu alinikataza. Nilipanda na kushuka mpaka mugongo ikasema basi, nikapanda tena.

Maji ilipofika ku kiuno, Pasta Muhindo akakanyaga gurudumu na akapanda, cravate ku shingo, suruali imekunjwa, sawa mutu anaenda kupima mizigo. Akaingia. Akamwita wa kwanza.

Hakuna mutu alitoka. Batu balikuwa bamesha ogopa maji yote, ya kaziwa, ya camion, labda hata ya mu glasi. Banaangaliana. Pasta naye akaangalia chini, ku miguu yake, na nikaona ameanza kuwaza.

Masika akatoka mu mustari. Akakanyaga gurudumu, akashika mbao ya camion, mais hakupanda. Akageuka. Akanitafuta kati ya batu, mpaka akanipata na bidon yangu ingali ku bega.

“Papa,” akasema, mbele ya bote, na sauti yake ya wakati alikuwa mudogo. “Niingie?”

Nilikuwa nimesali novena, siku tisa, juu asiingie. Nikashusha bidon. Kanisa yote yabo ilikuwa inangojea mudomo yangu mimi.

“Ingia, mama,” nikamwambia. “Maji iko muzuri.”